Mcheza kwao hutunzwa, lakini kanisani kwetu katunzwa mgeni

Bwana asifiwe, Shangazi.

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Busia upande wa Uganda, nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni boda. Kazi yangu ya pili, ambayo haina stendi wala nauli, ni kupiga kinanda kanisani. Huu ni mwaka wa sita. Kanisa letu ni la kilokole, si kubwa, Jumapili ikijaa tunafika watu 120 hivi. Wengi ni wauzaji wa sokoni, madereva na mawakala wa mpakani, kila mmoja na lugha ya kwao, ndiyo maana ibada ni ya Kiswahili, ingawa mapambio yakichemka Kisamia na Kiganda huingia vyenyewe.

Ratiba yangu ni hii: mazoezi Jumatano jioni na Jumamosi jioni, ibada mbili Jumapili, na kesha Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mpiga kinanda ni mimi peke yangu. Kinanda chenyewe nilikinunua kwa pesa yangu, nikalipa kidogo kidogo kwa miezi tisa, risiti ninayo. Siku nilipokileta, pasta alikimiminia mafuta, tukakiombea, waumini wakapiga makofi. Tangu hapo kila nikitaka kukibeba kwenda kupiga kwenye harusi ya mtu, naambiwa kimeshawekwa wakfu, si changu tena.

Sijawahi kudai chochote. Jumapili asubuhi nikiwa stendi napata kama shilingi 25,000, lakini hiyo nimeiacha miaka yote na sikuona uchungu. Uchungu ulianza mwezi wa tatu mwaka huu.

Tulikuwa na changizo la bati. Kamati ikaalika dada mmoja mwimbaji kutoka Mbale. Alifika Jumamosi, tukafanya naye mazoezi dakika ishirini, akaimba vizuri tu, ki (yaani kimo cha sauti) ya G, ingawa niliona kwenye kiitikio anafika juu kabisa mwisho wa sauti yake. Usiku huo mhasibu wetu, ambaye ni rafiki yangu, akaniambia bahasha ya mgeni ni shilingi 300,000, mbali na nauli na chumba. Sikulala, Shangazi. Mke wangu naye alikuwa macho, ada ya mtoto wa darasa la nne ilikuwa haijalipwa. Akasema hivi, na mpaka leo nayasikia: "Huyo Mungu wako analipa wageni tu."

Jumapili dada akapanda mimbarani. Nikabonyeza transipozi mara tatu juu. Ubeti wa kwanza ulipita. Kwenye kiitikio sauti ikapasuka. Akajaribu tena, ikapasuka tena, vijana wa nyuma wakacheka, akamalizia wimbo kama anayesoma. Mpiga ngoma wetu alijua, akaniangalia akatabasamu. Baadaye yule dada alinifuata nje nikifunga nyaya, akaniuliza, "Kaka, nilikosea wapi?" Nikamwambia ni hewa ya Busia, vumbi la malori, wageni wengi huwashika koo. Akanishukuru.

Basi nikamwendea pasta kumweleza kwamba na mimi nina familia. Akanijibu kwamba kipawa nilipewa bure, na bure nitoe. Akaongeza kwamba vijana wa Busega, wale mashahidi wa imani, waliimba motoni na hawakumdai mtu shilingi. Sikuwa na jibu.

Sasa kuna hoteli moja karibu na mpaka wanataka mtu wa kuwapigia kinanda Ijumaa na Jumamosi usiku, rumba na nyimbo za zamani, watu wakila. Wanatoa shilingi 60,000 kwa usiku. Pasta amesikia, akasema huwezi kunywa kikombe cha Bwana na kikombe cha mashetani. Na siku hizi kanisani, niseme ukweli, nikipiga naangalia saa. Zamani kwenye nyimbo za kuabudu machozi yalikuwa yananitoka nikiwa kwenye kinanda, sasa nawaza petroli.

Kuna hata kijana wa miaka 14 anayenizunguka kila mazoezi akitaka nimfundishe. Namkwepa. Nikimfundisha watanitupa.

Naomba unisaidie, Shangazi. Je, ni dhambi kudai malipo kwa kumtumikia Mungu? Niende hotelini au nisiende? Na kinanda ni cha nani?

Mpiga kinanda, Busia.

*

Bwana asifiwe sana, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako moja kwa moja, karibu nishike kalamu nimwandikie pasta wako badala yako. Mara ya pili nikakwama kwenye vumbi la malori.

Umeniuliza maswali matatu, na yote nitayajibu. Lakini habari ya yule dada hukuiuliza. Umeipitisha katikati ya barua kama watu wa kwenu wanavyopitisha gunia la magendo katikati ya magunia halali, wakitumaini afisa amechoka. Mimi sijachoka. Tufungue gunia hilo kwanza.

Kwa wasomaji wasiojua kinanda: wapigaji wengi wa makanisa yetu hawakusomea muziki, wamejifunza kwa kusikia, na vidole vyao vimezoea ki moja tu. Kinachowaokoa ni kitufe cha transipozi. Mpigaji anabaki na vidole vyake palepale alipozoea, anabonyeza, kinanda kinapandisha au kushusha sauti yote nusu hatua kwa kila mbonyezo. Ni msaada mkubwa, na sioni aibu ndani yake. Lakini mwimbaji hana kitufe kooni. Ukimpandishia mara tatu mtu ambaye tayari anaimba ukingoni mwa sauti yake, umemsukuma. Na wewe ulijua ukingo uko wapi, maana ulimsikiliza Jumamosi kwa sikio la fundi.

Yeye hajui. Hilo ndilo linalonisumbua. Ninyi wapigaji mnaweza kulaumu waya, spika, umeme. Sisi waimbaji chombo chetu ni mwili wetu, kikiharibika mbele za watu tunadhani tumeharibika sisi. Yule dada amerudi Mbale akiamini koo lake lilimwangusha siku ya changizo la watu. Huenda anakunywa tangawizi kila asubuhi mpaka leo. Huenda wimbo ule ameuacha kabisa. Na aliyemfanyia hivyo ndiye mtu aliyemwendea kwa unyenyekevu kumuuliza amekosea wapi, akapewa uongo, akashukuru.

Sikukemei kama mtu aliye mbali na jambo hili. Nimeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia miaka kumi na tisa, na kuna mwaka mwalimu wa kwaya alichukua sehemu yangu ya kuimba peke yangu akampa binti mgeni aliyehamia na mumewe. Kwa miezi miwili nilikuwa nasimama mstarini nafungua mdomo bila kutoa sauti hata kidogo. Nilivaa joho, nilishika kitabu, nilitikisa kichwa panapostahili. Sauti ya pili yote ikawa inayumba na mwalimu hakuelewa kwa nini. Mimi nilielewa, na nilifurahi. Kwa hiyo naujua utamu wa jambo ulilolifanya, usidhani nausikia kwako.

Wivu wa waimbaji ni wa kale. Soma 1 Samweli 18. Sauli hakuanza kumchukia Daudi kwa sababu ya ufalme, alianza kwa sababu ya wimbo: wanawake walitoka mijini wakiimba kwamba Sauli ameua maelfu yake na Daudi makumi elfu yake. Kesho yake Daudi yuko nyumbani kwa mfalme anapiga kinubi kama siku zote, na Sauli ameshika mkuki. Tumezoea kusoma habari hiyo tukijiweka upande wa mpiga kinubi. Wewe siku ile ulikuwa na kinubi na mkuki katika mkono uleule.

Basi kabla ya shilingi yoyote, tafuta namba ya dada huyo. Mhasibu rafiki yako anayo, ndiye aliyemtumia nauli. Mpigie, usiandike ujumbe, maana ujumbe unampa mtu kazi ya kusoma peke yake. Mwambie ulipandisha ki kwa makusudi, mara tatu, kwamba koo lake halikuwa na kosa, kwamba ulimdanganya ulipomtajia vumbi, na kwamba unaomba msamaha. Ukishasema hayo nyamaza, umwache aseme atakalo, hata akikata simu. Na usianze na habari ya bahasha. Ukianza na bahasha, samahani yako itageuka mashtaka, naye atajikuta anajitetea kwa nini alilipwa. Halafu kuna yule mpiga ngoma aliyetabasamu. Mwambie naye, kwa sababu kwa sasa wewe ni mwalimu wake.

Kwenye Mathayo 5 Yesu anasema mtu akiwa madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, aende kwanza kupatana naye. Kinanda chako ni sadaka. Nadhani ndiyo maana machozi yamekauka. Unasema ni kwa sababu ya petroli, na petroli ipo kweli, lakini miaka mitano ya kwanza petroli ilikuwepo pia.

Sasa malipo.

Si dhambi, mwanangu. Kitabu kilekile anachoshika pasta wako kina waimbaji waliotunzwa kwa kazi yao, tena kwa utaratibu uliopangwa vizuri. Katika 1 Mambo ya Nyakati 9, wale waimbaji wakuu wa Walawi walikaa katika vyumba vya hekalu na kusamehewa kazi nyingine, kwa sababu walikuwa kazini usiku na mchana. Sura ya 25 inahesabu waliofundishwa kumwimbia Bwana, wote mahodari, watu 288. Na watu hao walikula. Nehemia 12 inaeleza jinsi Israeli walivyotoa sehemu za waimbaji na mabawabu, kila siku kwa kadiri yake.

Kisha njoo Nehemia 13, mstari wa 10, ambao sijawahi kuusikia ukihubiriwa siku ya changizo. Nehemia anarudi Yerusalemu anakuta Walawi na waimbaji hawapo. Wako wapi? Wamekimbilia kila mtu shambani kwake. Kwa nini? Sehemu zao hawakupewa. Sasa tazama anachofanya. Hawaendei waimbaji akawaambia mmepokea bure toeni bure. Anawagombeza wakuu: mbona nyumba ya Mungu imeachwa? Anawakusanya waimbaji, anawarudisha mahali pao, halafu ndipo watu wanaleta zaka za nafaka, divai na mafuta. Shamba lako wewe ni stendi ya boda, na sasa hoteli. Pasta anaona unakimbilia kikombe cha mashetani, mimi naona Mlawi anaelekea shambani kwake.

Na lile neno la bure, Yesu aliwaambia wanafunzi wake katika Mathayo 10 alipowatuma kuponya wagonjwa na kutoa pepo. Usiishie hapo. Mistari miwili mbele, katika maagizo yaleyale, anasema mtenda kazi anastahili kupewa chakula chake. Pasta wako ameusoma mstari wa 8 akafunga kitabu kabla ya kufika wa 10.

Kuhusu vijana wa Busega, hapo nilichukia kidogo, nisamehewe. Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama waliuawa tarehe 31 Januari 1885, Lugalama akiwa mtoto tu. Masimulizi ya kanisa yanasema waliimba mpaka mwisho, na maneno ya wimbo yanayotajwa ni ya Kiswahili, lugha waliyoanza kufundishiwa na wamisionari. Kila ninapokumbuka kwamba Wakristo wa kwanza kufia imani katika nchi hii waliimba kwa lugha hii ninayokuandikia, mwili unanisisimka. Lakini waliokuwa wakiwadai vijana wale walikuwa wauaji wao. Hakuna kanisa lililowapangia mazoezi Jumatano na Jumamosi, ibada mbili na kesha, kwa miaka sita, kwa petroli yao. Kumtajia shahidi mtu anayeuliza habari ya ada ya mtoto ni kumfunga mdomo kwa damu ya mwingine. Pasta huenda hakulifikiria hivyo, mara nyingi tunasema neno la kwanza linalotujia mtu akituomba pesa ambayo hatuna.

Maana huenda kweli hawana. Kanisa la watu 120 wauza samaki na mawakala si benki. Na ile 300,000 ya mgeni, kwa hesabu ya kamati, ilikuwa gharama ya kuleta watu ili bati lipatikane. Sisemi walifanya vizuri. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na kanisa lililomtunza mgeni likasahau hata kumwambia mwenyeji asante limejitia aibu. Nasema tu kwamba bahasha ile haikutoka kwenye mfuko uliokuwa umeandikwa jina lako.

Ndiyo maana nakuomba usiende na hesabu ya miaka sita. Najua umeshaipiga. Shilingi 25,000 mara Jumapili 52 ni 1,300,000 kwa mwaka, zidisha kwa sita ni 7,800,000, na ukiitazama namba hiyo usiku mke akiwa macho inakua mpaka inafika darini. Lakini ile uliitoa. Unasema mwenyewe kwamba hukuona uchungu. Kitu ulichokitoa kwa moyo mweupe ukija kukidai leo, unajinyang'anya mwenyewe miaka sita ya sadaka, kisha hulipwi. Iache iwe sadaka. Zungumza kuanzia mwezi ujao.

Namna ya kuzungumza: usimfuate pasta Jumapili baada ya ibada ya pili, amechoka, ana njaa, na watu watano wanamsubiri. Omba siku ya katikati ya wiki, awepo mzee mmoja wa kanisa na mhasibu. Nenda na karatasi moja. Andika safari zako za wiki na petroli inayoliwa. Andika unachoomba kwa tarakimu, maana "mnikumbuke" si ombi, ni lawama iliyovaa kanzu. Kwa kanisa la ukubwa wenu ningeomba petroli ya wiki nzima, posho ya kila mwezi hata kama ni ndogo, na Jumapili moja ya mapumziko kwa mwezi. Wakisema petroli tunaweza, posho hatuwezi, umepata petroli, na umejua ukweli. Wakikataa vyote, unayo haki ya kupunguza: piga ibada moja, acha mazoezi ya Jumatano, ukiwaambia mapema na kwa heshima. Kupunguza waziwazi ni bora kuliko kupiga ukiangalia saa.

Na maneno yawekwe kwenye karatasi siku hiyohiyo. Katika nchi hii hata aliyetunga muziki wa wimbo wetu wa taifa, marehemu George Kakoma, aliufanyia kazi mwaka 1962, na akiwa mzee akaishtaki serikali akidai haki yake. Alifariki 2012. Kila tukisimama kuimba wimbo ule nafikiria kwamba mwaka ule wa 1962 watu walikuwa na furaha mno hata hawakukaa chini wakaandikiana vizuri. Siku mlipokimiminia kinanda mafuta nanyi mlikuwa na furaha.

Kinanda basi. Mafuta hayabadilishi risiti. Kama hukutamka kwamba unakitoa, ni chako, na kuombewa kwake ni kama kuombewa kwa pikipiki yako, ambayo nadhani pasta aliiombea pia na hajaja kuichukua. Ila jiulize siku ile ulisema nini hasa kwenye maiki. Kama ulisema "ninakitoa kwa Bwana", umejifunga kwa mdomo wako, na dawa yake ni kuwapa kile, polepole ununue kingine cha harusi. Kama ulisema "naomba mniombee kinanda changu", kibebe.

Hoteli. Hapa wasomaji wengine watanitumia barua kali, karibuni. Paulo anaposema habari ya kikombe cha Bwana na cha mashetani anawaambia Wakorintho juu ya sadaka zilizotolewa kwa sanamu na watu walioketi kuzila. Mtu anayekula samaki hotelini huku akisikiliza rumba hajatoa sadaka kwa sanamu. Paulo mwenyewe alishona mahema pamoja na Akila na Prisila ili ale, na wateja wa mahema hawakuwa watakatifu wote. Kwa hiyo kupiga kinanda watu wakila si dhambi kwa sababu tu si kanisani.

Lakini nenda kaione. Keti pale Ijumaa moja kama mteja, na soda yako, kuanzia saa mbili mpaka wafunge. Hoteli ya saa mbili na hoteli ya saa sita usiku ni nyumba mbili tofauti. Angalia ni nani anabaki, wasichana wanaohudumu wanafanyiwa nini, wewe utalipwa na nani na kwa saa gani. Halafu mpeleke mke wako Ijumaa ya pili. Ukiona aibu kumpeleka, umepata jibu bila kuniuliza mimi wala pasta. Na Jumamosi sikushauri hata kama mahali pale ni pasafi kama sakristia, kwa sababu ya usingizi tu. Ukitoka saa saba usiku na ibada ya kwanza inakusubiri asubuhi, utakuja kutuangusha kwenye wimbo wa pili. Chukua Ijumaa, ukiacha ile ya kesha. Hizo ni 180,000 kwa mwezi wa Ijumaa nne. Mwambie mke wako namba hiyo kabla hujamwambia mtu mwingine, na umwambie kwamba nilimsikia. Hakumtukana Mungu yule mama. Alikuwa anakuhesabia pesa ya ada.

Hujaniuliza habari ya kijana wa miaka 14, lakini umemtaja, na mtu hataji kitu bure mwishoni mwa barua. Mfundishe. Sura ileile ya waimbaji 288 inasema walipiga kura za zamu, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Unaogopa watakutupa, lakini tazama ratiba yako: huwezi kuugua, huwezi kusafiri, huwezi kupumzika hata Jumapili moja, na huwezi kumwambia pasta neno lolote bila kusikika kama unamtishia, kwa sababu wewe ukiondoka kinanda kinanyamaza. Mpigaji mwenye mwanafunzi anaweza kukaa mezani akazungumza kwa utulivu. Kama utaweza, mfundishe zaidi ya ki moja, ili asiishi kwa kukitegemea kile kitufe. Anza naye Jumatano hii, robo saa kabla ya mazoezi.

Simu ya Mbale lakini iwe kabla ya Jumatano. Na akikusamehe, au hata asipokusamehe lakini akabaki kwenye simu, muulize wimbo ule yeye huuimba ki gani akiwa nyumbani. Kisha niandikie tena.

Shangazi